Simu ya Mama Hailali

Tulipogawa vitu vya marehemu mama, vitenge vilienda kwa wadogo zake na simu ikaja kwangu. Baba naye nilimchukua, nikamleta kwangu Majengo. Tangu tumzike mama, baba alikuwa haongei. Ukimwamkia anainua mkono, basi. Chakula anakigusagusa tu. Mama nilishampoteza, na sasa nilimwona baba anapungua siku hadi siku. Niliogopa sana, sifichi.

Ile simu nikawa naiacha mezani, karibu na kiti chake, ili nikiwa shuleni nafundisha nimpigie. Hata asipoongea, nilitaka nisikie anapumua. Lakini simu ikaanza visa. Asubuhi naichomoa kwenye chaji ikiwa imejaa. Saa tano, wakati wa mapumziko, napiga, haipatikani. Nikirudi naikuta imezima, na ya moto, kama imetoka mkononi mwa mtu. Nikiiwasha inajikongoja. Ukigusa picha ya mama unasubiri mpaka unasahau ulichokuwa unatafuta.

"Baba, ulikuwa unaitumia?"

Anatazama ukuta.

Mimi ni mkali, kila mtu anajua. Nilifoka pale sebuleni kama nimemkamata mtoro. Nikapunguza mwanga wa kioo, nikazima data, nikafuta magemu ya wajukuu, nikanunua na betri mpya. Kesho yake saa tano, haipatikani. Jirani yangu akasema, nusu utani, "Labda mwenyewe bado anaitumia." Nikamwambia aniondolee upuuzi wake. Ila kuanzia siku hiyo nikawa naishika ile simu kwa leso.

Jumamosi asubuhi nikaipeleka kwa fundi simu, mama mtu mzima mwenye kibanda nyuma ya maduka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Leta huyo mgonjwa."

Akaipima betri, akacheka. "Betri nzima, na hata ya zamani huenda ilikuwa nzima. Umejisumbua bure." Kisha akaingia kwenye sehemu ya kuonyesha kinachokula chaji, na kicheko kikaisha. "Mwalimu, simu hii hailali. Kuna kitu ndani kinasikiliza kutwa."

Akanieleza polepole, nami nikajazia niliyoyajua. Marehemu mama alikuwa mwanakwaya, na mikono yake muda wote ilikuwa na unga au udongo. Mtu fulani akamwekea kinasa sauti kinachojiwasha chenyewe kikisikia mtu anaongea, ili wimbo ukimjia auimbe tu bila kubonyeza kitu. Amekufa, hakuna aliyekizima. Ndicho kilichokuwa kinakausha chaji, na sauti zilizorundikana zimejaza nafasi mpaka simu imekuwa nzito.

"Nikizime nifute yote, itarudi kama mpya."

"Futa," nikasema. Halafu nikamshika mkono. "Ngoja kwanza. Kinajiwasha mtu akiongea tu?"

"Ndiyo."

"Kwangu mchana hakuna mtu anayeongea."

Akanigeuzia kioo nione orodha ya sauti zilizonaswa. Jumatatu saa mbili na nusu, saa tatu, saa tatu na robo, saa nne. Jumanne vilevile. Kila siku ya shule, mpaka chaji ilipokata. Jumapili, ninaposhinda nyumbani, vilikuwa vipande vifupi tu, na vyote nikivifungua ni mimi nafoka.

Nikafungua cha Jumatatu. Ukimya. Kiti kikalia. Kisha ikaja sauti ya baba, safi kabisa, kwa Kingoni chake.

"Umeamkaje, mama watoto?"

Kimya. Urefu wake ulitosha mtu kujibu. Baba akacheka. "Eeh, huyo mkali hivyohivyo. Si amekufuata wewe?" Kimya tena. "Hapana, sijamwambia."

"Anaongea na nani?" fundi akauliza, akijifunga kanga vizuri.

"Na mama."

Akaishusha simu mezani taratibu. Niliyeichukua tena ni mimi, kwa mkono mtupu, nikafungua cha jana. Hapa baba alisikika amechoka, kama mtu anayeharakishwa.

"Nimekusikia. Usinihimize. Mahindi ya Maposeni yakishaingia ndani, nakuja. Siwezi kumwachia mtoto shamba halijavunwa." Kimya, kirefu kuliko vyote. "Si muda mrefu. Wiki mbili hazifiki. Nisubiri."

Mungu wangu! Nililia pale kibandani mbele ya wateja, na sikuona aibu. Kisha nilimzuia fundi asifute kitu, nikampigia msimamizi wa shamba letu la Maposeni. Vibarua walikuwa waanze kuvuna Jumatatu.

"Wasiende," nikamwambia.

"Mwalimu, mahindi yamekauka! Mchwa watayamaliza."

"Wayamalize."

Mvua zimeyakuta yamesimama shambani. Maposeni nzima wananisema: mtoto wa mkulima, amesoma, anaozesha mahindi ya baba yake. Waseme. Simu bado inazima saa tano, na siigusi. Na baba siku hizi ananisemesha, ingawa ni neno moja tu, kila nikirudi kutoka shule, kabla sijavua viatu.

"Tumevuna?"

"Bado, baba."