Siku Ile Tulipoitikia Wawili

Sikukuu ya Kupashwa Habari Bikira Maria huangukia mwezi wa tatu, wakati ambao huku kwetu Kathonzweni watu hutazama mawingu zaidi kuliko wanavyoitazama altare. Mwaka ule, nadhani sabini na mbili au tatu, mawingu hayakuwa na neno la kutuambia. Hata hivyo kanisa lilijaa, maana dada yangu alikuwa anaagwa kwenda kujiunga na watawa.

Mama ndiye aliyekuwa katekista wetu. Padri alikuja mara moja kwa mwezi. Siku nyingine zote mama alisomesha, akaimbisha na kutukemea. Miaka nenda miaka rudi alitufundisha kwamba Bikira hakubishana na malaika. Aliposikia wito, aliitikia. Mama aliyapenda sana mafundisho hayo mpaka dada alipomfuata jikoni, akamwambia kwamba naye ameitwa. Hakusema na dada juma zima. Mganga hajigangi.

Nisimlaumu bure. Baba alikuwa amefariki, na tulizaliwa wasichana wawili tu. Kwa desturi ya Wakamba, nyumba isiyo na mtoto wa kiume haiachwi ife: binti mmoja hukaa nyumbani, haolewi, na watoto atakaowazaa huitwa kwa jina la babake na kurithi shamba lake. Kazi hiyo ilikuwa ya dada tangu baba alipozikwa. Asingekaa yeye, shamba lingechukuliwa na ndugu za baba, ambao walikuwa wameshaanza kuupima mpaka wetu kwa macho. Desturi hiyo na katekisimu havikupatana, lakini mama alivishika vyote viwili. Alikuwa Mkristo kamili Jumapili, na Mkamba siku zote saba.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, na furaha yangu pembeni. Fundi cherehani mmoja wa Nunguni alikuwa ameniposa, na wazee wake walishaleta mbuzi watatu wa ntheo, wale ambao wakipokewa msichana huhesabiwa ni wa watu. Kwa hiyo nilimtetea dada kwa nguvu zote. Nilimwambia mama hawezi kufundisha kijiji kizima kukubali halafu yeye akatae. Nilijiona nina imani kubwa. Kumbe sikuwa nimefikiri mpaka mwisho.

Siku ya sikukuu gari la padri liliharibika njiani, kwa hiyo mama akasoma Injili mwenyewe. Alipofika pale Bikira anapokubali, akaacha kusoma. Kidole kikabaki kwenye mstari, sote tukimsubiri. Kisha akasoma mpaka mwisho, akafunga kitabu, akamwita dada mbele. Akapiga funda la maji, akamtemea kifuani, kama wazee wetu wanavyobariki. Akafanya hivyo kanisani, mbele ya msalaba. Wanawake wakapiga vigelegele. Nililia kwa furaha, nasema kweli.

Baada ya ibada tukala muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, na nyama. Alasiri, wageni walipotawanyika, mama aliniita tuoshe sufuria. Alisugua moja kwa majivu muda mrefu.

"Hao mbuzi wa watu watarudi kesho," akasema. "Nimeshaongea na wazee."

"Kwa nini, mwaitu?" nikamuuliza. Mwaitu ndivyo tunavyomwita mama.

"Dada yako Mungu amemchukua. Sasa ni wewe umebaki. Wewe ndio utakaa hapa."

Nilingoja aniulize kama nakubali. Hakuuliza. Aliendelea kusugua, machozi yakimdondokea mikononi, na hasira yangu yote ikakosa pa kwenda. Nikasema, "Sawa, mwaitu."

Fundi alioa mwaka uliofuata. Mama alirudisha kitabu cha katekisimu kwa padri mimba yangu ya kwanza ilipoanza kuonekana, hakungoja kuambiwa aache ukatekista. Nilizaa wanne, wote wana jina la baba, na shamba lipo. Sijutii watoto wangu hata siku moja. Ninachojutia ni yule fundi, na sijawahi kumwambia mtu.

Sikukuu hiyo ikifika, katekista wa sasa humtaja dada yangu kuwa mfano wa kuitikia wito kwa imani. Mimi husikiliza nikiwa benchi la nyuma. Wenzangu wakipanga mstari kwenda kupokea komunyo, mimi hubaki nimekaa, kwa sababu nilizaa bila ndoa.