Chumvi Ndani ya Kopo la Sumaku

Mafundi simu wa Kariakoo hawajui wanachonifanyia. Napita zangu na kikapu, mmoja wao anagusisha chuma cha moto kwenye risasi ya kulehemu, moshi mwembamba unapanda, nami nasimama katikati ya watu kama mgeni wa mji. Vijana wananiambia, mama sogea basi, unaziba njia. Nasogea. Lakini pua imeshanirudisha uani kwetu, nyuma ya Msimbazi, miaka ile ya Ujamaa ambapo sabuni ilikuwa haionekani na baba yangu alikuwa anapiga gita la solo.

Msidhani baba alikuwa mtu mkubwa. Bendi ilikuwa ya shirika, kama bendi nyingi za wakati ule, na wanamuziki walikuwa waajiriwa kama madereva na matarishi. Magita, ngoma, spika, hata nyaya, vyote vilikuwa mali ya shirika na viliandikwa kwa rangi nyeupe. Gita alilopiga baba jukwaani halikuwa lake. La kwake lilikuwa jingine, kuukuu, alilonunua kwa mpiga gita wa Kikongo aliyepita Dar akielekea nisikokujua, nalo lilikaa nyumbani, limening'inia ukutani juu ya kitanda.

Sasa niwaeleze sumaku, maana bila hiyo hamtanielewa. Gita la umeme halina tumbo la kutolea sauti. Chini ya nyuzi kuna sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, na hiyo ndiyo inayozisikia nyuzi na kupeleka habari kwenye spika. Inakaa ndani ya fremu ya plastiki, imeshikwa na skrubu mbili ndefu, na kila skrubu imevishwa springi ndogo. Ukikaza skrubu inapanda, ukilegeza inashuka. Baba alikuwa na msemo wake: ikikaa juu mno inapiga kelele za mlevi, ikikaa chini mno inanong'ona kama mdaiwa. Springi zilipoliwa na kutu, nyingine hazikupatikana mjini kote, basi alikata vipande vya mpira wa valvu ya baiskeli akavivisha skrubu badala yake. Mikono yake ilinuka mpira ule na risasi. Mpaka leo kwangu hiyo ndiyo harufu ya baba, msinicheke.

Ikatokea sumaku ya gita la shirika ikafa. Ule waya wa unywele ulikatika ndani kwa ndani, gita likawa bubu. Stoo ya shirika walikuwa na sheria moja isiyopindishwa: lete kibovu, upewe kizima. Baba akapeleka kibovu, akaambiwa kizima hakipo, fedha za kigeni hakuna, akitunze hicho kibovu vizuri mpaka vipuri vitakapofika, maana asipokuwa nacho hapati kitu. Na bendi lazima ipige Jumamosi. Afanyeje? Akaishusha sumaku ya gita lake mwenyewe ukutani, akaipachika kwenye gita la shirika. Matundu ya skrubu hayakulingana, akayaziba ya zamani kwa njiti za kiberiti na gundi, akatoboa mapya kwa msumari wa moto. Fremu ya shirika ilikuwa nyeusi, ya kwake rangi ya maziwa, kwa hiyo hata kipofu angeona kwamba kimebadilishwa kitu. Baba hakujali. Lilipolia Jumamosi ile watu walicheza mpaka viatu vikawauma, na gita lake likabaki ukutani na shimo kifuani.

Kile kibovu alikitia ndani ya kopo la kakao pamoja na springi zenye kutu na vipande vya waya wa shaba, akalisukuma chini ya kitanda. Kumbe kitu kilichokufa ndicho kilichokuwa na thamani kuliko vyote mle chumbani.

Kisha ukaja msako. Redio ilisema wahujumu uchumi watatafutwa nyumba kwa nyumba, na kweli walitafutwa. Jirani yetu wa chumba cha mbele, mwanamke mpole aliyekuwa ananisuka nywele, alichukuliwa kwa ajili ya katoni za sabuni, na wanawe wakabaki wanalia koridoni. Watu wakapagawa. Sukari ilimwagwa mitaroni usiku na mchana, vitenge vipya vikaelea Mto Msimbazi. Uani ikavuma kwamba atakayekutwa na waya wa shaba ataambiwa ndiye mkata nyaya za simu.

Mama alikuwa mwoga wa serikali tangu kwao. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji, ndivyo alivyosema asubuhi ile, wala hakuwa anasema na mimi. Baba alikuwa mazoezini. Mama akapiga magoti, akalivuta lile kopo, akafunika na khanga, akaenda choo cha shimo. Nilikuwa naosha vyombo karibu na mlango, nikasikia kitu kizito kikianguka, kisha vidogo vidogo vikifuata. Akatoka na kopo tupu mkononi. Akaniomba maji, akalisugua kwa majivu, akalianika juani.

Hapo ndipo penye mkasa wote. Kopo lenye kifuniko kinachokaza lilikuwa lulu siku zile, na chumvi yetu ilikuwa inalowana kila siku ndani ya karatasi. Mama aliogopa jela, sawa, lakini kutupa kopo zima hakuweza. Akalitia chumvi.

Jioni tulikula ugali na mchicha. Mchicha ulikuwa hauna ladha, baba akaomba chumvi, mama akamsogezea kopo bila hata kulitazama. Baba alilishika. Akaligeuza, akasoma maandishi yake kana kwamba hajawahi kuyaona. Akalitikisa kidogo karibu na sikio. Kisha akafungua, akachota kwa vidole viwili, akanyunyiza. Hakula tena. Alisema ameshiba, akaenda kukaa barazani, nami nikafurahi kwa sababu mchicha wake niliumaliza mimi.

Hazikupita siku nyingi shirika nalo likaanza kukagua mali zake. Wakaliona gita lenye fremu ya rangi ya maziwa. Wakaja nyumbani wanaume wawili wenye suti za Kaunda pamoja na mtunza stoo, baba katikati yao. Walipekua godoro, wakapekua mashuka, wakaliteremsha gita la ukutani wakatia vidole kwenye lile shimo. Baba akawaonyesha kwamba kilichotoka pale ndicho kilichopo kwenye gita lao, na kilikuwa kizima. Mkubwa wao akasema, "Sawa, ndugu. Hiyo ni yako. Ya shirika iko wapi?"

Mmoja alichukua kopo mezani akalifungua. Akaonja. Akalirudisha.

Kisha akamgeukia mama, akamuuliza kama yeye hajaiona. Mama alikuwa ameegemea ukuta. Nilimwona anafungua kinywa, na mimi, mtoto mjinga, nilitaka kumsaidia kusema, maana nilijua ilipo. Lakini baba alituwahi.

"Muacheni mama Tatu," alisema. "Nimeiuza mimi. Nimemuuzia mtu sokoni, jina lake silijui."

Hakuna aliyemuuliza zaidi. Walikuwa wamepata walichokuja kukitafuta. Baba alipokuwa anatoka nao alinigusa kichwani kwa ule mkono wenye harufu ya mpira, akaniambia nimsaidie mama kuteka maji.

Nilipomuuliza mama kwa nini baba anasema uongo wakati kitu kiko chooni, alinipiga kofi la kwanza na la mwisho maishani mwake, kisha akanikumbatia kwa nguvu mpaka nikaogopa. Shuleni nikawa mtoto wa mhujumu. Watu wazima walisema kikulacho ki nguoni mwako, wakimaanisha baba na shirika lake.

Alikaa ndani muda mrefu. Aliporudi alikuwa amekonda, kikohozi hakimwachi, na vidole vya mikono yote miwili havikunjiki sawasawa. Hakusema ilikuwaje. Gita la ukutani halikupata sumaku tena. Siku moja redio ya jirani ilipiga bendi yake, na mwingine ndiye aliyekuwa kwenye solo. Mama akanyanyuka haraka akaombe wapunguze sauti, baba akamzuia. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Wameipandisha mno," alisema. Ilikuwa sumaku yake. Alifariki kabla sijamaliza shule.

Nilikuwa mtu mzima, mke wa mtu, nimesimama jikoni kwangu nachota chumvi, ndipo mkono wangu ukasimama hewani. Miaka yote ile niliamini baba alibahatisha uongo kwa sababu hakujua kitu chake kilikopotelea. Kumbe alijua tangu ule mchicha. Siku zile aliyekutwa na mali aliitwa mhujumu, na aliyeitupa aliitwa mhujumu anayeficha ushahidi. Angesema ukweli wangemchukua mama. Alikuwa na siku kadhaa za kuchagua, akazitumia akiwa kimya, anakwenda kazini na kurudi.

Na mama? Naye alijua kwamba baba anajua, naapa. Angeweza kulitupa lile kopo, akahamishia chumvi kwingine. Hakulitupa. Kila jioni alilisogeza mbele ya baba, baba akachota kwa vidole vyake visivyokunjika, akamwambia ahsante mama Tatu, wakaendelea kula.