Kichwa Kilichonitoa Kwenye Safu

Nakumbuka Ijumaa moja ya mwezi wa saba, mwanangu, ile baridi ya Arusha unayoijua mwenyewe. Mlima Meru ulikuwa haujaonekana tangu Jumatatu, na watu walikwenda msikitini wamevaa makoti juu ya kanzu. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Nilisimama safu ya tatu, upande wa ukutani, bega kwa bega na baba, yaani babu yako, kama tulivyokuwa tukisimama tangu nilipoijua sala. Tulipokwenda sijda ya kwanza, kitu kizito kikashuka ndani ya uso wangu. Kilibana nyuma ya jicho la kulia, kikabana shavu, mpaka meno ya juu yakauma. Niliinuka machozi yananitoka. Rakaa ya pili sikuiweza. Niliivunja sala, nikajipenyeza kando ya ukuta, nikaenda kukaa kwenye mabomba ya kutawadhia.

Baba alinikuta hapo watu walipokuwa wanatoka.

"Yusufu, umepatwa na nini?"

"Nimekumbuka sikuzima mashine."

"Mashine ya unga ndiyo inakutoa kwenye sala ya Ijumaa?"

Nilifungua bomba nikanawa uso. Alinitazama kidogo, kisha akaenda kutafuta viatu vyake.

Nakuandikia haya kwa sababu hii ni Ijumaa ya tatu hujaja. Kwenye simu unasema ni kazi. Lakini siku ile ulipokuja kunifungia mtungi wa gesi, uliinama kuokota spana, nikauona mkono wako umekwenda juu ya nyusi ukakaa hapo. Nikakuuliza, ukasema ni uchovu tu. Mimi mwenyewe nilisema hivyo hivyo miezi mingi, kwa sauti hiyo hiyo, kwa hiyo usifikiri umenidanganya.

Wakati ule nilikuwa nafanya kazi kwenye mashine ya kusaga pale Daraja Mbili. Kutwa nzima nilikuwa mweupe kwa vumbi la unga, pua imeziba, nalaumu baridi. Baadaye ikaja harufu. Nilisikia harufu ya kitu kilichooza, na kila nilipogeuka ilikuwa pale pale, kwa sababu ilikuwa ndani ya pua yangu. Nikaanza kugeuza uso nikiongea na watu. Chakula kikawa hakina ladha, pilau na ugali mkavu vyote sawa. Sikumwambia mtu.

Utaniuliza kwa nini sikumwambia hata baba. Nilikuwa naogopa. Shangazi Mwanaidi, dada yake baba, tuliishi naye nyumba moja, na alikuwa na maneno ya uhakika juu ya kila jambo. Jirani yetu mmoja alikuwa anaumwa kichwa kila akisali, na nilimsikia shangazi akisema jikoni kwamba mtu anayeumizwa na sijda ana kitu ndani yake kisichotaka kusujudu. Hakuwa ananisema mimi, wala hakujua kwamba naumwa. Mimi nilikuwa sebuleni navaa viatu. Niliyachukua maneno yale nikaondoka nayo, na tangu siku hiyo nikajihesabu mtu mwenye jini. Nikawaza kwamba baba, mtu aliyetoka Kondoa na mswala wake chini ya kwapa, fundi baiskeli ambaye hata akiwa katikati ya kuziba pancha akisikia adhana ananawa mikono, akijua hivyo atavunjika moyo kabisa.

Basi nikaanza kukwepa. Kwanza Ijumaa. Kisha magharibi, ambayo tulikuwa tukisali pamoja halafu tunarudi taratibu tukizungumza habari za baiskeli za watu. Nyumbani huwezi kuficha kwamba husali, hasa alfajiri mzee anapogonga mlango. Kwa hiyo nikapanga chumba Sombetini, ambako siku hizo kulikuwa bado mashamba na nyumba moja moja, nikasema ni karibu na kazi. Haikuwa karibu na kazi hata kidogo, na baba alijua.

Mwanangu, sijawahi kuwa peke yangu kama nilivyokuwa kwenye chumba kile. Nikitoka mashineni nalala chali, kwa sababu nikiwa chali angalau shavu lilitulia kidogo. Nilimeza vidonge vya malaria bila kupimwa, nikapumzika, nikameza tena. Nilinunua rangi mbili, zile kapsuli za antibayotiki, nikanywa siku mbili, nikipata nafuu naacha. Nilipata dawa ya matone ya puani, nikaitumia wiki kwa wiki, mpaka pua ikawa haifunguki bila hayo matone. Watu wa Daraja Mbili walikuwa wanasema Yusufu ameacha sala, na maneno hayo yalinifikia. 

Siku moja mchana baba alikuja. Nilimtambua kwa kikohozi chake. Nilikuwa kitandani na kitambaa cha moto usoni, nikaacha hata kupumua.

"Yusufu," alisema mlangoni. "Nimekuja kukuona tu. Sina jambo."

Sikufungua. Alisubiri, tena alisubiri sana, kisha nikasikia anaweka kitu chini na kuondoka. Nilipofungua baadaye nilikuta chupa ya chai, chai ya tangawizi, bado ya moto. Niliinywa yote bila kuisikia ladha. Chupa sikuirudisha, maana kuirudisha ilikuwa kwenda nyumbani, na kwenda nyumbani ilikuwa kuulizwa.

Aliyenitoa huko hakuwa shehe wala mganga. Alikuwa mama mmoja wa Oldonyo Sambu, Mwarusha, Mlutheri, tukimwita Mama Lomayani. Alikuwa akishusha mahindi yake pale mashineni kila baada ya wiki mbili. Asubuhi moja niliinama kushika gunia lake, nikaliachia, nikashika shavu.

"Hebu inama tena," akasema.

"Nini, mama?"

"Inama nikuone."

Nikainama, na uso ukanibana.

"Unaumwa uso ukiinama, eeh? Na hapa chini ya jicho pamevimba. Baba Lomayani alikuwa hivyo hivyo, akienda kufunga ndama anashika shavu. Hiyo ni pua, we kijana. Umeenda hospitali?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza kwa miezi, na aliponiuliza nilishindwa kunyamaza. Nikamwambia pale pale, katikati ya magunia, "Mama, siyo pua. Hiki kinaniuma nikisujudu. Kuna kitu ndani yangu hakitaki sala."

Mama Lomayani akaweka ndoo yake chini.

"Na sasa hivi hapa kwa gunia langu, ulikuwa unasali?"

"Hapana, mama."

"Basi hilo jini lako halipendi na mahindi?"

Akacheka, na mimi nikacheka, na kule kucheka kukaniuma uso mzima. Miezi yote ile nilikuwa nainua magunia nikiumia, nikisema ni uchovu wa kazi, na nikisujudu nikiumia vile vile nasema ni jini. Sikuwahi kuyaweka pamoja maumivu hayo mawili. Aliniamuru niende hospitali siku hiyo hiyo, na akakataa kuondoka mpaka nimevua aproni.

Daktari alinigonga shavu kwa kidole, akanimulika puani, akanimulika mdomoni. Alinieleza kwamba mifupa ya uso ina vyumba vitupu, na kila chumba kina tundu dogo la kutokea puani. Pua ikivimba, tundu linaziba, kamasi inabaki ndani na kuharibika, na ukiinama uzito wote unakuja mbele. Wenyewe wanaita sainasi. Kisha akaniuliza niliumwa jino lini. Nikakumbuka kwamba kabla ya Ramadhani gego la juu kulia lilinisumbua, nikalibandika karafuu, likanyamaza. Sisi tuliokunywa maji ya huku, yenye floridi nyingi, meno yetu ni ya kahawia, na hilo jino lilikuwa limeoza likajificha kati ya wenzake. Usaha wa jino ulikuwa umepanda mpaka kwenye chumba cha shavu, ndiyo maana upande ulikuwa mmoja na harufu ilikuwa ile. Walinipima malaria, sikuwa nayo. Waling'oa jino, wakanipa dawa za kumaliza zote bila kuruka siku, na maji ya chumvi ya kusafishia pua.

Nilipomwambia yule daktari kwamba kwa ajili ya kichwa hiki niliacha sala, alishangaa.

"Kwa nini hukusali umekaa?"

Mwanangu, nilikuwa nimesoma hilo madrasa nikiwa na miaka minane. Asiyeweza kusimama akae, asiyeweza kuinama aashirie kwa kichwa. Nilikuwa nalijua kama jina langu. Lakini hiyo ni ruhusa ya mgonjwa, na mimi sikujihesabu mgonjwa hata siku moja. Nilijihesabu mtu mbaya. Laiti ningefungua ule mlango nikamwambia baba ninaumia nikiinama, angeniletea kiti. Hilo lingekuwa limekwisha kabla chai haijapoa.

Na hapo nikafanya kosa la pili, ambalo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilianza kupona. Harufu iliisha wiki ya kwanza, ladha ikarudi, nikala embe nikalia kama mtoto. Nikajiambia siendi nyumbani nikiwa nusu. Nitangoja nipone kabisa, kisha Ijumaa moja nitaingia msikitini kimya kimya, nisimame kando ya baba ukutani, nisujudu naye mpaka mwisho, na hiyo itatosha, sitahitaji kueleza kitu. Niliiosha chupa ya chai nikaiweka tayari karibu na mlango. Ijumaa niliyoipanga ilikuwa imebakiza siku mbili.

Jumatano asubuhi baba alianguka kibandani kwake akifunga mnyororo wa baiskeli. Nilipofika nyumbani walikuwa wameshamfunika. Shangazi Mwanaidi alinishika mikono yote miwili, akasema, "Alikuwa hasemi kwamba umeacha sala. Watu wakisema, yeye anauliza tu kama unakula."

Tulimsalia adhuhuri. Nilisimama safu ya mbele, jeneza likiwa mbele yetu, kichwa changu kizima, uso mwepesi, tayari kuinama mara elfu. Na unajua, mwanangu, sala ya maiti haina rukuu wala sijda. Ni takbira nne, umesimama wima, kisha unatoa salamu. Imamu akatoa salamu, watu wakasogea kubeba jeneza, na mimi nikabaki nimesimama, magoti yangu hayajakunjwa. Hiyo ndiyo sala yangu ya mwisho pamoja na baba.

Ile chupa ndiyo hii iliyo juu ya kabati, ambayo marehemu mama yako alikuwa akiniuliza kwa nini siitupi.

Basi nisikilize. Mafua yakikubana uso, usikimbilie rangi mbili. Mara nyingi huisha yenyewe ndani ya siku kumi hivi. Chemsha maji, yapoe yawe vuguvugu, weka nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa kikombe, na usafishe pua taratibu kwa chombo safi. Yawe yamechemshwa, usichote bombani. Kunywa maji ya kutosha, jikinge na vumbi, na ukipenga, penga polepole tundu moja moja. Matone ya kufungua pua yasizidi siku tatu. Zikipita siku kumi bila nafuu, au ukipata nafuu halafu ukazidiwa, au upande ni mmoja na harufu ipo, nenda hospitali, na uwaambie wakuangalie na meno. Ukiwa na homa, pima, usibahatishe malaria. Inawezekana pia isiwe sainasi kabisa, maana kipandauso nacho hubana hapo hapo, na dawa zake ni nyingine. Lakini jicho likivimba, au ukaona vitu viwili viwili, au shingo ikakakamaa, au akili ikaanza kuchanganyikiwa, usinipigie simu kuniuliza. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, mimi utaniambia baadaye.

Na jambo kubwa kuliko hayo yote ni kwamba unapoumwa sema, na usingoje upone ndipo uje kwa watu wako. Nyumba hii tangu mama yako aondoke ina sauti ya redio tu. Sihitaji uje ukiwa mzima. Nakuhitaji uje.

Mungu akufungulie pua na kifua, akuhifadhie macho yako, na kila utakapoinama ukaumia akuletee mtu wa kukuuliza, kama alivyoniletea mimi Mama Lomayani. Ijumaa hii nitakwenda msikitini mapema. Viko vile viti vya plastiki vya wazee wasioweza kusujudu. Nitachukua kimoja nikiweke mwisho wa safu, upande wa ukutani, kando yangu, na watu wakiuliza ni cha nani nitawaambia ni cha mwanangu, anaumwa, anakuja.