Pua ya Mama Anjelika

Mtu alikuwa ameitoboa pua. Hakugusa macho wala mdomo, pua tu, tena kwa kitu chenye ncha, pengine msumari, akachokonoa mpaka ubao wa nyuma ukaonekana. Telesfori Minani alisimama mbele ya bango lake pale kwenye mabomba ya maji, ndoo mkononi. Kelele za akina mama kwenye foleni zilikuwa zile zile za kila asubuhi, lakini yeye alihisi wote wanamtazama mgongoni. Akateka maji nusu ndoo, akaondoka upesi kama mtu aliyeiba.

Bango lenyewe lilikuwa katuni ya kipindupindu, wala halikuwa na makuu. Mama mmoja nadhifu anamkuta jirani yake akichovya kikombe kichafu kwenye ndoo ya maji ya kunywa. Anamkanya, anamwonyesha kuchemsha maji na kunawa kwa sabuni, na mwisho jirani anacheka na watoto wake wazima. Shirika lililoshughulikia maji na vyoo pale kambini lilikuwa limemwajiri Telesfori kwa kazi hiyo, likachapisha mabango, likayabandika kwenye kila kituo cha maji. Ilikuwa mwaka tisini na nane, na vilima vya Ngara vilikuwa vimejaa Warundi waliokimbia vita.

Kuchora alijifunzia kwao Muyinga, shule ya misheni, ambako padri mmoja Mbelgiji alikuwa na kabati la vitabu vya katuni vyenye majalada magumu. Telesfori alivisoma mpaka kurasa zikalegea. Mstari ulikuwa mmoja, safi, unene ule ule toka kisigino hadi utosi. Gari ukiliona unajua ni la aina gani, na nyumba unaweza kuhesabu vigae vyake. Zaidi ya yote, kila mtu alikuwa na sura yake: mlevi ana pua ya mlevi, mwizi ana kidevu cha mwizi. Baadaye aliwahi kupata kitabu kimoja cha Wamarekani, wanaume wenye vifua vipana kama milango wakirushiana ngumi angani, vivuli vyeusi kwenye kila msuli. Hicho hakikumpendeza, alikiona kinapiga kelele. Lakini hata humo sura ilikuwa sura. Wazungu hao wote, kwa jinsi alivyowaelewa, walimchora mtu ili umtambue ukiwa ng'ambo ya barabara.

Basi alipotaka mama nadhifu, akamchora mwanamke aliyemjua kuliko wote: mkewe, Kaneza, ambaye majirani walimwita Mama Anjelika kwa jina la binti yao. Uso mrefu, shingo ndefu, pua nyembamba iliyonyooka. Na alipotaka jirani mchafu, akaona afanye utani, akachukua kioo akajichora mwenyewe akiwa amefungwa kilemba, na ile pua yake pana iliyojikalia usoni bila wasiwasi. Alicheka peke yake siku ile anapaka wino.

Huo ndio ujinga wake, na mimi namlaumu. Nani pale kambini hakujua pua zilivyokuwa zimefanya kazi kule nyumbani? Watu walikuwa wamesimamishwa njiani wakatazamwa usoni, huyu apite, huyu abaki. Telesfori alijua vizuri kuliko wengi. Alisahau kwa sababu alilitazama bango lile kwa macho ya mume.

Na ukiniuliza Kaneza alikuwa wa upande gani, nitakwambia baba yake alikuwa wa upande huu na mama yake wa upande ule. Ukitaka zaidi ya hapo kamuulize mwingine, maana swali hilo ndilo lililowamwaga watu wale kwenye vilima vya watu. Kambini karibu wote walikuwa wa upande mmoja, ule wa pua pana. Kaneza aliishi kwa kuinamisha kichwa, akisalimia upesi na kwenda bombani wakati foleni imepungua.

Mchana ule ule Frednand alikuja. Huyu alikuwa mkuu wa bloku yao, sehemu yao ya kambi, mwanamume wa sauti ya chini ambaye vijana wa sungusungu walimsikiliza kabla hajamaliza kusema.

"Amahoro, Baba Anjelika."

"Amahoro, mkuu. Karibu ukae."

Frednand hakukaa. "Yule mama wa kwenye bango ni nani?"

"Si mtu, mkuu. Ni picha tu."

"Picha ina pua," Frednand akasema. "Watu wananiuliza. Kwa nini mwenye pua ile ndiye anayefundisha, na mwenye pua kama yangu ndiye mchafu? Tumekimbia mpaka huku, bado hao watufundishe kunawa?"

"Yule mchafu ni mimi. Nilijichora mwenyewe, nilikuwa nafanya utani."

"Na yule mwingine?"

Kaneza akatoka ndani wakati huo huo na ungo wa maharage. "Karibu, shemeji," akasema, macho chini. Frednand alimtazama usoni, akamtazama tena, muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Kisha akasema ahsante, ameshiba, akaenda zake.

Kaneza akauweka ungo chini. "Ameona," akasema.

"Hajaona kitu."

"Ameona, Baba Anjelika. Wewe umenibandika kwenye kila bomba." Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha zaidi mumewe. "Twende Nemba. Shangazi yuko kule, analima, watatuficha."

Nemba iko Biharamulo, mwendo mrefu, na mkimbizi aliyekutwa nje ya kambi bila kibali aliweza kujikuta mpakani anarudishwa alikotoka. Kukaa kulikuwa hatari na kuondoka kulikuwa hatari. Telesfori alimwomba mkewe asubiri kidogo, akaenda ofisini roho mkononi.

Bosi wake alikuwa msichana wa Kijapani, Sachiyo, mtaalamu wa vyoo, mwenye Kiswahili sanifu cha darasani.

"Naomba mabango yote yatolewe," Telesfori akamwambia. "Pua si nzuri."

"Mbona ni nzuri sana, Mzee Minani? Wewe huridhiki na kazi yako."

Ikabidi amweleze. Alieleza akitazama sakafu, kwa sababu ni aibu kumweleza mgeni mambo kama hayo. Uso wa Sachiyo ukaiva. Aliahidi kuyatoa siku ile ile, ila mvua zilikuwa karibu na kipindupindu hakingoji, lazima liwepo bango jingine.

"Basi nichore watu wasio na pua," Telesfori akasema kwa uchungu.

Sachiyo hakucheka. Aliingiza mkono kwenye mkoba wake akatoa kitabu kidogo kinene, karatasi hafifu, cheusi na cheupe. "Kwetu wapo," akasema. "Hii tunaita manga."

Telesfori alikifungua akakuta mwisho, maana hadithi ilianzia nyuma. Akageuza, akaanza kuguna. Macho ya watu yalikuwa makubwa kama ya mtoto aliyeshtuliwa usingizini. Nywele zilisimama kama majani ya nanasi. "Hawa wote ni ndugu?" akauliza. "Sura moja! Nitawatofautishaje?"

"Kwa nywele. Kwa wanavyosimama."

"Na hapa mbona hakuna anayesema kitu?"

Ulikuwa ukurasa mzima wa mvua. Msichana ameshika mwavuli, na picha kubwa kuliko zote ilikuwa ya vidole vyake tu, vimekaza mpini. Katika vitabu vya padri, mpaka hapo mtu angekwisha kusema kwamba mvua inanyesha na magari yangekwisha kupita. Hawa walitumia ukurasa mzima kwa vidole. Telesfori alivitazama, na woga wa vidole vile aliujua, alikuwa nao mwenyewe tangu asubuhi. Kisha akatafuta pua. Kwa upande ilikuwa mkwaruzo mdogo wa kalamu. Kwa mbele haikuwepo kabisa. Lakini nyumba nyuma ya msichana ilichorwa mpaka msumari wa mwisho.

"Kwa nini nyumba mnaichora yote na mtu mnamwacha nusu?"

"Labda nusu iliyobaki ni ya msomaji," Sachiyo akasema. "Sijui. Mimi ni mtu wa vyoo."

Akachora upya. Vyumba vya picha aliviacha vitoke kushoto kwenda kulia, kwa sababu wasomaji wake walisoma hivyo. Kambi aliichora yote kama alivyofundishwa na vitabu vya padri: mafundo ya kamba kwenye maturubai, madumu, matope chini ya bomba. Wanawake aliwapa macho makubwa, mstari wa mdomo, basi. Nadhifu na mchafu hakuwagawanya tena. Walikuwa mama wawili wenye sura moja na mtoto anayeumwa. Chumba cha picha kikubwa kuliko vyote kilikuwa cha mkono: mama anapima homa kwenye paji la mtoto. Kila alipomaliza uso alijisikia vibaya. Kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na ndani yake alikuwa anamfuta mkewe.

Siku bango jipya lilipobandikwa alijibanza nyuma ya uzio wa zahanati. Wanawake walitazama, wakasogea, wengine wakaja. Kisha akaja Frednand. Alisimama muda mrefu. Akanyoosha kidole, akakipitisha juu ya uso wa mama wa kwenye karatasi, pale ambapo pua ingekuwa, akakiteremsha mpaka kwenye mkono. Akageuka, akamwona.

"Wewe. Njoo."

Telesfori alikwenda.

"Nani alikwambia habari za Kezia?"

"Kezia ni nani, mkuu?"

"Dada yangu." Sauti ya Frednand ilikuwa imebadilika. "Alikuwa anampima mwanawe hivi hivi, kwa mgongo wa mkono. Kila mtu anatumia kiganja, yeye mgongo wa mkono. Tulimwacha njiani."

Mkono ule ulikuwa wa Kaneza. Anjelika alikuwa ameumwa wiki iliyopita, na mkono ukajichora wenyewe bila yeye kufikiri. "Sikumjua, mkuu," Telesfori akasema. "Pole sana."

Frednand alifuta uso kwa kofia yake. Akawageukia waliokuwa pale akasema bango hili asiliguse mtu. Na halikuguswa. Bibi mmoja alikuja kila siku kulisalimia, akidai ni mwanawe aliyezikwa Kirundo. Mwingine akasema hapana, ni mama yake mzazi. Waligombana kidogo, wakachota maji. Zile habari za pua zikafa, na Frednand alipokutana na Kaneza akawa anamwamkia vizuri tu, kama shemeji yeyote.

Kaneza alikwenda kulitazama bango foleni ilipokwisha. Alirudi akaweka ndoo chini, akachochea moto.

"Mkono ni wangu," akasema. "Uso nimeutafuta, sikuuona."

"Ndivyo ilivyotakiwa, Mama Anjelika."

"Najua. Nimeshukuru." Akavuta kigoda. "Sasa nichore."

"Nini?"

"Mimi. Hapa. Kwa ile namna yako ya zamani."

Telesfori alichukua karatasi na penseli. Kaneza alikaa kwenye kigoda, akainua kichwa, jambo ambalo hakuwa amelifanya mchana kweupe tangu wavuke mpaka. Mumewe alianza na macho, mdomo, shingo ile ndefu, kisha penseli ikaweka mkwaruzo mdogo katikati ikataka kwenda zake. Mazoea ya siku chache tu, na mkono umekwisha kujifunza.

"Pua," Kaneza akasema bila kugeuka. "Weka pua yangu."

Akaifuta, akaiweka yote, toka kwenye nyusi mpaka tundu. Akampa karatasi. Kaneza aliitazama muda mrefu, akitabasamu, akajigusa usoni kulinganisha. Akamwita binti yake aje aone. Anjelika akasema, "Ni wewe, mama." Kisha Kaneza akaikunja karatasi mara moja, akaisukuma chini ya chungu, kwenye moto.

"Mbona unaichoma?" Telesfori akapiga kelele, mkono umeshanyooka, umechelewa.

"Ulitaka ikae wapi?"

Telesfori alichukua mwiko akakoroga maharage.