Mama Mkwe wa Daktari

Nthenya hakuwa mtu wa kuulizwaulizwa. Alifundisha shuleni Kathiani hadi akastaafu, akamzika mumewe kwa heshima, akamwoza Peris, binti yake wa pekee, kwa daktari mpasuaji wa mjini Machakos. Kwa hiyo uvimbe ulipomwota kwenye shavu la uke, mgumu kama harage bichi, alinyamaza. Daktari wa karibu alikuwa Mumo, mkwewe. Na kwa Wakamba, mama mkwe na mume wa bintiye hawaketi hata kochi moja. Hiyo ndiyo nthoni, haya ya ukwe. Avue nguo hospitalini kwake? Afadhali kaburi.

Akajitanda leso, akaenda Masii, kwenye kliniki ndogo ambako hakuna aliyemjua.

"Ni jipu tu, mama," mhudumu akasema, akalipasua. Usaha haukutoka, ilitoka damu. Kilichokatwa kikatupwa kwenye ndoo. Uvimbe ukarudi, mkubwa zaidi. Ukakatwa tena, ukatupwa tena.

Peris aligundua kwa doa lililobaki kitini.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni uzee."

"Uzee gani huu unaonuka? Nampigia Mumo."

"Ukimpigia, usiniite mama tena."

Akampigia.

Mumo alifika, lakini hakuingia chumbani. Alisimama ukumbini, pazia la mlango likiwatenga.

"Mama, pole. Kile walichokata, walikipeleka maabara?"

"Walitupa."

Nthenya alimsikia akitoka nje kupiga simu.

Daktari mwanamke ndiye aliyempima. Alichukua kipande kidogo cha nyama, akakipeleka maabara kabla ya kugusa kingine. Jibu likarudi: sakoma, saratani ya nyama laini, isiyoonekana mara nyingi sehemu hiyo, na ambayo hudhaniwa jipu.

"Ingekatwa yote mara ya kwanza, na nyama nzima ya pembeni, ningekuwa na maneno mengine," daktari alisema. "Sasa imeenea, picha inaonyesha vinundu kwenye mapafu."

Walimkata uvimbe hata hivyo, kidonda kisimwozee. Kisha ikaja dawa nyekundu ya saratani, ya mshipani, iliyomnyonyoa nywele na kumfanya atapike hata maji. Vinundu havikupungua. Akina mama wa kanisa waliokuja kumwombea waliambiwa ni tumbo.

Mumo alikuja kila Jumamosi, akimjulia hali kutoka nyuma ya pazia. Jumamosi moja Nthenya alikosa pumzi ya kumjibu. Alipoipata, akasema, "Mumo, fungua hilo pazia."

"Mama, si vizuri."

"Hiyo vizuri ndiyo iliyonipeleka Masii. Fungua."

Akafungua. Akamsikiliza kifua, macho yake sakafuni.

"Krismasi nitaiona?"

"Hapana, mama."

Nthenya akavuta leso, akafunika kichwa chake kilichobaki kitupu.

"Haya. Mwambie Peris alete chai. Na wewe leta kiti hapa, unywe na mimi."