Nyanya Kati ya Mfalme na Shetani

Kisa hiki alikisimulia kwanza shangazi yangu, siku ya kumaliza matanga ya nyanya. Jumapili moja ya miaka ya hamsini, michezo miwili ya kuigiza ilianza saa ile ile huko Kirotshe. Katika mmoja, mwana mkubwa wa nyanya alikuwa mfalme. Katika mwingine, mdogo alikuwa Shetani.

“Mama, twende kwa mufalme!” shangazi akamvuta. “Watu wote wanaenda kule!”

“Njo maana siendi kule. Mufalme iko na watu wa kumupigia makofi. Shetani, nani atamupigia?”

Shetani alipotokea na pembe zake, ukumbi ukazomea. Nyanya akapanda juu ya benchi, akapiga makofi peke yake: “Vizuri, mutoto wangu! Uwatishe!”

Shangazi na mfalme wamefariki. Shetani yu hai, analima maharagwe huko Bihambwe.