Kopa Nne na Baiskeli ya Kijiji

Mwanangu, kabla sijaanza, nitenganishe mambo mawili. Kwamba mchezo wa poka uliletwa kwetu na askari waliorudi kutoka vita vya Burma, hilo nililisikia tu, sikuwapo. Lakini siku niliyoweka rehani baiskeli ya kijiji nikiwa na kopa nne mkononi, hiyo naikumbuka kwa macho yangu mwenyewe, na ndiyo nitakayoitolea ushahidi.

Ilikuwa Jumamosi mchana, katika miaka ya vijiji vya ujamaa, nyuma ya ghala la pamba huko Manyamanyama. Nilikuwa kijana, mwalimu wa elimu ya watu wazima, na kijiji kilikuwa kimenikabidhi baiskeli ya kuzungukia madarasa hadi upande wa Butiama. Tulikuwa watatu juu ya magunia tukisubiri lori: mimi, Wambura, karani wa mizani aliyenifundisha mchezo, na Mzee Magesa, mkulima na mfugaji, mwanafunzi wangu wa kisomo, ambaye ndiyo kwanza alikuwa akijifunza kuunganisha herufi.

Kila mmoja aliweka senti kumi na kupewa karata tano, kisha aliruhusiwa kubadili mara moja zile asizozitaka. Karata mbili zinazofanana ni jozi, nayo ni kitu kidogo. Karata tano za umbo moja ni kitu kikubwa. Anayeogopa dau la mwenzake hutupa karata zake na kuziacha senti zake pale pale. Mzee Magesa hakutupa hata mara moja. Alilipa kila dau ili aone. Wambura alisema mzee anacheza kama mtu aliyekwenda kutazama ngoma, nami nilicheka. Mdharau mwiba, mguu huota tende.

Nikapata kopa nne, ikibaki moja tu zitimie tano za umbo moja. Nilikuwa mtu wa hesabu, mwanangu, wala sikukosa kujua: kopa tisa zilikuwa bado kati ya karata arobaini na saba nisizoziona, yaani bahati isiyofika moja katika tano. Mtu mwenye akili angelipa senti zake, abadili karata moja, angoje. Mimi nikataka kushinda kwa kitisho kabla karata zangu hazijakamilika. Nikasema naweka baiskeli, na anayetaka kuendelea aweke ng'ombe.

Wambura akatupa karata mara moja, akisema mshahara wake haujazaa ng'ombe bado. Nikamgeukia mzee, nikiwa na hakika kwamba atakimbia.

"Mwalimu," alisema, akizitazama karata zake kwa utulivu, "mimi nilikuwaga nalala zizini na fisi analia nje. Sikukimbia. Leo nikimbie picha ya malkia wa Wazungu? Naweka mtamba wangu mwekundu."

Nilibadili karata moja, nikaifunua polepole: saba ya maua, isiyo na ndugu mkononi mwangu. Mzee alikuwa na jozi ya sita. Jozi ya sita tu, mwanangu, lakini mimi sikuwa na chochote.

Akainuka, akaishika baiskeli, akaizungusha uwanjani, akapiga kengele mara mbili. Nami nilikuwa nimeketi nikipanga maneno nitakayomwambia mwenyekiti wa kijiji, nikiyaona madarasa yakifungwa na kazi yangu ikiisha. Kisha akarudi, akaiegemeza kwenye gunia lililokuwa karibu na goti langu.

"Hii tuliinunua kwa pamba yetu," alisema. "Ni ya kijiji, na mimi ni wa kijiji. Nitajishindiaje kitu changu?"

Lakini hakuwa amemaliza.

"Ila niambie, mwalimu. Kama ungeshinda, mtamba wangu ungemchukua?"

Nikaanza kuzikusanya karata, kwa sababu ningemchukua. Alilisoma jibu usoni pangu kabla hajaweza kusoma ukurasa mzima wa kitabu changu. Akaniambia kwamba kumtisha mtu aliyekuja kuona ni kupoteza nguvu. Mtu wa namna hiyo mwonyeshe kitu kilichokamilika, naye atakulipa kwa hiari.

Basi sikiliza, mwanangu. Ukiwa na jambo lenye kopa nne, iwe karata, iwe shamba, iwe posa, lipia kidogo ungoje ya tano. Usikate mbeleko na mwana hajazaliwa. Kitisho humfukuza mwenye kupiga hesabu, bali hakimwondoi asiyezipiga, na wewe usimwite mjinga; mara nyingi yeye ndiye atakayekufunulia karata zako. Zaidi ya hayo, usiweke dau kwa kitu cha watu. Mungu akupe subira ya kungoja, na pale utakapokosea, akukutanishe na mtu atakayekurudishia heshima yako bila kelele.

Husemwa kwamba mzee alimsimulia mwenyekiti kisa chote. Hilo sikulishuhudia. Ninachokijua ni kwamba Jumatatu asubuhi nilipita na baiskeli ile mbele ya mwenyekiti, naye akaniuliza kama breki zinashika. Nikamjibu kuwa zinashika, nikaendelea na safari.